Mwana wa Ifan na Mwana wa Mkwezi

Mimi ni muuza mapazia. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani ameshika maandishi ya mtu wa maana. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililisomea dirishani, macho nje. Kusoma kwa kueleweka nilijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima, nikiwa tayari na mke, watoto na mkokoteni wangu mwenyewe. Lakini nyumba nyingi za Dar es Salaam za miaka ile, ukiziona zimejisitiri madirishani, zilisitiriwa na mimi. Sijisifu. Au najisifu, kwani kuna ubaya gani?

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulianza kwenda Guangzhou. Kabla ya hapo tulinunua Dubai na Bangkok, kwa watu ambao nao walinunua kwa Wachina. Nikajiuliza, kwa nini ninunue maji ya ndoo na kisima nakisikia kinavyobubujika? Nikapanda ndege. Safari ya kwanza nililia, sikujua hata kuomba chumvi. Safari ya pili nilicheka. Safari iliyofuata nikamchukua mwanangu wa kwanza, aliyekuwa ameoa si zamani, na mkewe alikuwa mzito wa siku za mwisho.

"Baba," akaniambia, "mke wangu anakaribia kujifungua."

"Utamsaidia kusukuma?" nikamwuliza.

Tukaondoka.

Tulifika mwezi wa tatu. Asikudanganye mtu, mwezi wa tatu Guangzhou si wa mwenye vitambaa. Kuta zinatoka jasho kama mgonjwa wa homa. Sakafu ya gesti inalowa bila mtu kumwaga tone. Jora la kitambaa ukilisahau kona moja, ukirudi limeota ukungu, lina madoa kama chui. Ndiyo maana wakati ule bei inalegea, na mimi bei ikilegea huniona nimesimama pale pale nimeikodolea macho.

Zhongda, soko la vitambaa la pale Guangzhou, haikuwa hii mnayoisikia sasa. Wakati ule ilikuwa mitaa ya mabanda nyuma ya chuo kikuu, mapaa yanavuja, baiskeli za magurudumu matatu zimebeba majora mpaka mwendeshaji haonekani, unaona tu mlima wa velveti unakuja unapiga kengele. Nilipapenda. Kariakoo nilianza na mkokoteni, kwa hiyo mtu anayesukuma mzigo mzito kuliko yeye namwelewa bila mkalimani.

Safari ile nilikuwa na jambo moja kichwani kuliko mapazia yenyewe: lebo. Nyumbani watu walikuwa wameanza kuuza vitambaa vibovu wakisema vimetoka kwangu. Nikataka kila pindo la pazia langu lishonewe kitambaa kidogo kilichofumwa jina. Jina langu. Kwa sababu jambo jingine lililonichoma ni kwamba hakuna mteja aliyelijua. Wote waliniita Mzee Mapazia. Mtu unavuja jasho miaka yote hiyo, unajenga, unasomesha, halafu unaitwa kwa jina la kitu kinachoning'inia dirishani! Nikasema hapana. Litafumwa jina langu, na chini yake, "na wanawe".

Mfumaji wa lebo alikuwa mama mmoja mwenye kibanda chembamba kama korido. Tulimwita laoban, maana yake bosi. Kule kila mwenye meza na kikokotoo ni bosi. Alikuwa na Kiingereza cha kuhesabia, na mwanangu kwa siku zile chache alikuwa ameshaokota Kichina cha sokoni, kwa hiyo katikati yao mambo yalipita. Laoban akaomba pasi zetu za kusafiria ili anakili herufi bila kukosea. Akaziweka mbili sambamba mezani, akapiga mstari kwa ukucha chini ya ile sehemu wanayoandika jina la ukoo. Akatazama ya kwanza, akatazama ya pili, akanitazama mimi.

"Familia moja?"

"Moja. Huyu mwanangu."

Akatikisa kidole. "Hapana. Baba ukoo huu, huyu ukoo huu. Siyo mtoto. Mfanyakazi."

Mwanangu akacheka mpaka akashika meza. "Baba, leo umenifukuza nyumbani!"

Tukajaribu kumweleza. Kwetu mtu ana jina lake, la baba yake, na la babu yake, basi. Kila kizazi kinasogea hatua moja, wa mbele anatoka, wa nyuma anaingia. Kwa hiyo sehemu ile ya ukoo kwenye pasi yangu ameandikwa babu yangu. Kwenye pasi ya mwanangu ameandikwa babu yake, yaani baba yangu. Laoban alisikiliza kwa huruma, kama mtu anayeelezwa namna watu fulani wanavyolala bila paa. Kisha akaonyesha maandishi yaliyoning'inia juu ya kibanda. Ukoo wa mumewe. Kijijini kwao kijiji kizima ni ukoo huo, baba, babu, babu wa babu, wote jina moja, na wana nyumba maalumu ya kuwakumbuka. Akaniuliza, ninyi je? Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: akafumba ngumi, akaifumbua ghafla, akapuliza kiganja. Mmetawanyika kama vumbi.

Hilo sikulipenda. Lakini lililoniuma zaidi niliona baadaye, tulipotoka nje kwenye manyunyu. Sehemu ya ukoo, pasi yangu ina babu yangu. Pasi ya mwanangu ina baba yangu. Mimi niliyelipia pasi zote mbili, simo! Nimerukwa kama dimbwi.

Pale pale barabarani nikatoa hukumu. "Kuanzia sasa tuna ukoo. Jina la mwisho ni langu. Wewe, wadogo zako, na huyo mtoto anayekuja. Na watoto wake, na watakaofuata. Tukirudi unabadilisha pasi. Jina langu linakaa mwisho, halisogei tena."

Mwanangu alikuwa amebeba sampuli begani. Akazishusha.

"Na babu?"

"Babu yako amekufa, Mungu amrehemu. Hana safari."

"Ukikaa wewe mwisho, babu anatoka."

"Anatoka, ndiyo. Alifanya nini? Alikuwa mkwezi wa minazi. Alipanda, akashuka, akapanda, akashuka, akafa bila mnazi hata mmoja wa kwake. Mimi ndiye niliyeanzisha hii familia."

"Wewe umeanzisha duka," akasema mwanangu, tena kwa upole, na upole wake ndio ulionikera. "Mimi nimelelewa na babu."

Kweli alilelewa naye. Miaka niliyokuwa nasaka mtaji, mtoto alikaa Mafia kwa baba yangu. Sikumtupa. Nilimweka mahali pazuri, nikaenda kutafuta. Mtoto alikula, alivaa, alikwenda chuoni akasoma Kurani, alirudi kwangu ana afya na adabu. Sasa kosa liko wapi?

"Uwanja wa ndege," akaendelea, "wanapoita jina la mwisho, wanamwita babu. Nasikia kama yuko kwenye foleni na mimi. Wewe unataka waite, nisikie bosi wangu."

Kijana akishakupiga neno la namna ile, ukijibu haraka unajibu upuuzi. Nikaziinua sampuli mwenyewe, tukaenda kula.

Tulikuwa tunakula kwenye kimkahawa cha Waislamu wa kaskazini huko mbali, wanaovaa kofia nyeupe na kuvuta tambi kwa mikono. Mpishi anashika donge la unga, analipiga mezani, analivuta, analikunja, analivuta, mpaka donge linakuwa nyuzi. Mchuzi wa kondoo juu. Ndani mvuke mtupu, na msimu ule meza zote zilikuwa na utando wa maji.

Hapo ndipo tulipozoeana na fundi mmoja wa mitambo. Siku zilizotangulia mwanangu alikuwa ameniambia, "Baba, punguza pilipili, utalia mbele ya mzungu," na mzungu wa meza ya pili, mzee wa rika langu, nywele nyeupe, mikono imejaa makovu, akasema bila kuinua kichwa, "Mwache alie, bwana. Chozi la pilipili si aibu." Tulishtuka kama tumesemeshwa na kabati. Kumbe miaka ya sabini alikaa Dar es Salaam, akifunga mitambo ya kufumia nguo kwenye kiwanda kimoja. Sasa alikuwa Guangzhou kwa kazi ile ile. Kiswahili chake kilikuwa chepesi, kimeanzia kiwandani: shika, vuta, funga, angalia kidole, na matusi mawili aliyoyatamka vizuri kuliko mimi. Nilipomwuliza kama yeye ni Mwingereza, akaweka vijiti chini. "Mwingereza ni shemeji yangu, na simpendi. Mimi Mwelisi. Natoka Welisi." Hapo pembeni mwa Uingereza, akasema, kwenye mvua, kondoo na makaa ya mawe. Ndiyo maana alikuwa hakosi kwenye ule mchuzi.

Basi siku ile tulimkuta. Nikaketi mbele yake, nikamwona ndiye hakimu niliyetumiwa.

"Fundi, ninyi Wazungu mna majina ya ukoo. Mweleze mwanangu faida yake."

Akatazama uso wangu, akatazama wa mwanangu, akaelewa kwamba ameitwa kwenye ugomvi.

"Umemwuliza mtu mbaya," akasema. Kisha kwa kidole akaandika kwenye maji ya meza, herufi kubwa: BEVAN. "Hili langu. Mnajua maana yake?"

"Tutajuaje?"

"Mwana wa Ifan. Zamani tulisema *ab Ifan*. Hiyo *ab* ni kama *bin* yenu. Watu wakasema haraka haraka, kama mnavyosema ninyi, ikagandana, ikawa neno moja."

"Na Ifan ni nani?"

"Ifan ni Yohana. Yohana kwa Kiwelisi."

"Yahya," nikasema. "Tunaye. Kumbe wewe bin Yahya!"

"Bin Yahya kabisa," akasema, akainua bakuli kama anasalimia.

Nikamwona ndugu. Akaeleza kwamba zamani kwao ilikuwa kama kwetu, sawasawa: mtu, baba yake, babu yake, tena wao hawakuishia watatu. Mtu akisimama kujitambulisha anashuka ngazi nzima, mwana wa fulani, mwana wa fulani, mwana wa fulani, mpaka wasikilizaji wapate njaa. Si kwa mapambo. Ukidai shamba, lazima ujulikane wewe ni wa nani. Ndugu yako akiua mtu, fidia inalipwa na ukoo, lazima ijulikane nani ni ndugu na nani anajifanya jirani.

"Halafu Waingereza wakatutawala, na sheria zao, na makarani wao. Karani hapendi ngazi. Karani anapenda kisanduku. Jina lako hapa, la ukoo hapa, geuka nenda." Akachora kisanduku kwenye maji. "Haikuwa siku moja. Matajiri walianza, kujipendekeza. Maskini wa milimani walichelewa sana, walichelewa mpaka karibu enzi za babu wa babu zetu. Kwetu, siku karani alipotaka neno moja tu, aliyekuwepo nyumbani alikuwa mtoto wa Ifan. Pakaganda hapo."

Nikampiga mwanangu bega. "Umesikia? Ifan akabaki! Mpaka leo yuko Guangzhou anakula kondoo! Fundi, huyo Ifan alikuwa tajiri?"

"Sijui."

"Mfanyabiashara?"

"Sijui."

"Alikuwa kiongozi, basi. Shujaa."

"Mzee, sijui. Hakuna anayejua. Huenda alikuwa mwizi wa kondoo. Kazi yake moja tunayoijua ni kwamba mtoto wake alikuwa hai siku ile."

Mwanangu akainamia tambi zake. Mabega yalikuwa yanacheka.

"Lakini jina lake limeenea," nikasema. Sikuwa tayari kushindwa. "Wako wengi?"

"Tele! Kwetu kusini ukitupa jiwe sokoni litampata Bevan, likidunda litampata Jones. Na Jones maana yake nini? Mwana wa John. Na John ni Yohana. Na Evans ni huyo huyo Ifan. Nusu ya nchi ni watoto wa Yahya. Wako migodini, wako makanisani, wako kwenye timu za raga. Wako Australia na Marekani, ambao Welisi hawajaiona hata kwenye kalenda. Dobi Bevan, daktari wa meno Bevan. Na si ndugu! Bevan wa bonde la pili Ifan wao ni mwingine. Kina Ifan walikuwa wengi kama mvua, kila mmoja akagandia kwake."

"Hata wanawake?" akauliza mwanangu.

Fundi akacheka kwa mara ya kwanza kwa sauti. "Mama yangu, Mungu amlaze, mwana wa kiume wa Ifan. Binti yangu, mwana wa kiume wa Ifan. Zamani mwanamke alikuwa na neno lake, *ferch*, kama *binti*. Karani hakuwa na kisanduku cha binti. Likapotea."

"Sasa kijijini mnajuanaje," nikauliza, "kama wote ni jina moja?"

"Hapo ndipo kichekesho. Tukarudi kwenye kazi za watu. Baba yangu aliuza makaa, akaitwa Bevan Makaa. Jirani Bevan Mkate. Alikuwepo Jones mmoja wa kuzika watu, sitawaambia alivyoitwa wakati mnakula."

Mwanangu hakuweza tena. Tambi zilimtoka mdomoni. "Kama Mzee Mapazia!"

"Nyamaza wewe," nikamwambia.

Fundi akaniuliza kwa macho. Mwanangu akamweleza habari ya lebo, ya laoban, ya hukumu niliyotoa barabarani, na ya babu. Alieleza kwa haki, sina la kumlaumu. Fundi akasikiliza huku akifuta mdomo. Sikutaka huruma yake, kwa hiyo nikauliza swali la kumzuia.

"Na baba yake Ifan?"

"Nini?"

"Baba yake. Ifan alikuwa mwana wa nani?"

Mpishi akapiga donge mezani, pa!

"Nani anajua, bwana," akasema. "Ukishapewa kisanduku, unaacha kuhesabu ngazi. Ya nini? Wazee wa zamani waliijua yote kwa moyo. Mimi namjua baba, namjua babu, basi. Halafu giza, halafu Ifan, ambaye simjui. Amekaa mlangoni kama bawabu. Yeye anaonekana, na wote walio nyuma yake amewafungia." Akaniangalia. "Wewe unawajua wangapi, Mzee?"

Kichwani nilikuwa nimeshaanza kupanda.

Niseme hapa jambo la baba yangu. Mnazi hukatwa vidato, vile vipengele vya kukanyagia, kuanzia chini hadi kileleni. Baba yangu alikuwa na mtindo wake, sijui aliupata wapi: kila kidato jina. Kidato cha kwanza jina lako. Cha pili la baba. Cha tatu la babu. Unataja ndipo unakanyaga, na ukisahau hupandi, unashuka unaanza upya. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni dua ya kuzuia watu wasianguke. Shule sikufika kidato chochote, lakini vile vya mnazi nilivipanda. Majina yalipokwisha mnazi ulikuwa bado unaendelea, na baba alikuwa akisema, "Hapo juu wako wengine, hatujui wanavyoitwa. Panda kwa adabu."

Nilikuwa sijavikumbuka vile vidato kwa miaka mingi. Pazia halipandwi.

Maji yalikuwa yameshamlamba Bevan mezani. Kila mtu akajilipia, tukaagana.

Siku mbili tatu mbele ujumbe ukaletwa gesti: mke wa mwanangu amejifungua, mama na mtoto wazima. Mwanangu alikimbia ngazi zote bila viatu. Ujumbe haukusema mtoto ni nini, na mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu kwamba ni wa kiume. Siku ya kupewa jina ikafika, nayo ikaangukia siku ile ile laoban aliyotaka jibu la lebo, maana mashine yake ilikuwa na foleni. Nikamwambia mwanangu tupige simu kwanza.

Duka la simu lilikuwa na vyumba vya vioo vya mtu mmoja mmoja. Tulijibana wawili, vioo vikajaa pumzi. Kuhusu lile jambo la ukoo tulikuwa hatujasema tena, si yeye wala mimi. Lilikuwa limesimama katikati yetu mle ndani kama mtu wa tatu.

Mke wangu akapokea, nyuma yake ngoma ya sufuria na vigelegele.

"Ni wa kike," akasema. "Mzuri. Amechukua pua yako, lakini tutamwombea."

Wa kike! Nikamkumbuka mama wa fundi, mwana wa kiume wa Ifan, nikajikuta nacheka peke yangu.

"Unacheka nini? Simu inakula. Namwekea mtoto mkono wa simu sikioni, baba yake aseme."

Nikampa mwanangu. Akashika mkono wa simu kwa mikono miwili. Akataja jina alilompa mtoto. Majina yenyewe siyaandiki hapa, ni ya nyumbani. Akataja jina la mtoto, akasema *binti*, akataja jina lake mwenyewe. Akavuta pumzi. Akataja jina langu.

Akasimama hapo. Akanitazama.

Nilijua anachoniuliza. Angesimama hapo kama ningetaka. Nilimlea vizuri, au alilelewa vizuri, angesimama. Ningekuwa mimi wa mwisho, bawabu mlangoni, na mtoto yule angekua akinijua mimi na nyuma yangu ukuta.

"Panda," nikamwambia.

Akataja jina la baba yangu. Akavuta pumzi, ile ile, pumzi ya mtu anayetafuta kidato kwa unyayo, na hapo nikajua kwamba mkwezi yule alimfundisha na huyu. Akataja la babu yangu. La baba wa babu. Na mimi nikawa nasema naye, midomo yetu karibu kugongana kwenye simu, jina kwa jina. Tukafika mahali nikataja moja, yeye akataja jingine.

"Siyo huyo, Baba. Umeruka."

"Sikuruka. Simu mbovu."

"Umeruka mmoja. Rudi."

Nikarudi. Alikuwa sahihi, lakini simu nayo ilikuwa mbovu, hilo silifuti. Tukapanda tena mpaka majina yakaisha.

"Hapo juu wako wengine," mwanangu akamwambia yule mtoto sikioni, "hatujui wanavyoitwa."

Nikamnyang'anya simu ili nisionekane ninavyoonekana. "Mmesikia?"

"Tumesikia," akasema mke wangu. "Mtoto ana siku saba duniani, mmemsomea makaburi mazima. Amelala fofofo. Leteni na pazia la chumba chake, jua linampiga."

Tukatoka, vioo vikabaki vimelowa. Tukaenda kwa laoban moja kwa moja, kwenye manyunyu. Alikuwa ameshaandaa karatasi na penseli, pasi hakuomba tena, labda kwa kutuonea huruma.

"Jina?" akauliza.

Mwanangu akaniangalia. Nikachukua penseli mwenyewe, nikaandika kwa herufi kubwa za darasa la pili: MZEE MAPAZIA. Chini yake nikaongeza DAR ES SALAAM, ili watu wa Mombasa wasijidanganye.

Laoban akaigeuza karatasi, akainakili polepole, akaridhika. Akauliza kitu kwa Kichina, akituonyesha sote wawili kwa penseli.

"Anauliza kama hili ndilo jina la ukoo," akasema mwanangu.

"Mwambie hili ni la kazi. La ukoo ni refu, halienei kwenye lebo."